Mzee wa Mimea ya Zamu

Saa sita na dakika kumi mchana, Jumamosi moja ya Januari, Mzee wa Maua alisimama mbele ya dirisha la chumba changu Kawangware, akanyoosha mkono juu ya meza, akautazama kwa muda, kisha akasema, "Fundi, hapa hakuna mwanga. Usinunue kitu."

Saa naijua kwa hakika. Kazi yangu ni kutengeneza redio na saa, na mezani palikuwa na saa ya ukutani ya mteja niliyokuwa nikipima kama inachelewa. Dirisha langu linatazama kusini, na mwezi wa Januari jua la mchana hupita upande huo. Lilikuwa limeijaza meza nzima. Nilikuwa nimeisogeza redio moja pembeni ili plastiki yake isipinde kwa joto. Kivuli cha mkono wa mzee kilikuwa mezani, cheusi, kimekatika ukingoni kama karatasi iliyopitiwa na wembe.

Nilikuwa nimemwita anichagulie mmea wa kuweka mezani. Nilimpa kiti, nikaweka chai.

Ili mtu aelewe kwa nini maneno hayo yalinitia hofu, inafaa ajue jinsi mzee huyu alivyokuwa akichagua mimea. Nilimfahamu kwa zaidi ya miaka kumi. Alikaa Kambi Muru, ndani ya Kibera, katika chumba cha mabati chenye kibaraza cha mbao alichokipigilia misumari mwenyewe. Kibarazani hapo aliweka mimea ya ndani ya nyumba, ile ambayo watu wa mitaa ya juu huiweka karibu na makochi yao. Watu wote waliiita maua. Yeye aliwasahihisha kila mara. "Hili si ua. Ni jani. Ua ni tangazo tu, jani ndilo kazi." Hata hivyo ukiita "Mzee wa Maua" kutoka barabarani, aliitika.

Mteja akija kutaka mmea, mzee hakuuliza anapenda upi. Alisema, "Kwanza tuone nyumba." Akifika, aliweka mkono mahali mmea utakapokaa, kimo cha shibiri moja juu ya meza au rafu, saa za mchana, taa ikiwa imezimwa. Kivuli chenye ukingo mkali, hapo palifaa mti wa mpira na ndugu zake wanaopenda jua. Kivuli chenye ukingo laini, kama kilichochorwa kwa makaa, palifaa mingi ya ile inayotambaa. Kivuli kisichoonekana kabisa, hapo aliufunga mfuko wake na kuondoka. Hakuwa na kipimo kingine. Nimesoma vitabu viwili vya mitumba kuhusu mimea ya nyumbani, na vyote vinapendekeza njia hiyohiyo, kwa maneno mengi zaidi.

Siku moja nilimsindikiza Mashimoni, hukohuko Kibera, kwa mama mmoja anayeuza chapati. Chumba chake hakikuwa na dirisha. Mlango ulifunguka kwenye kichochoro, na ng'ambo ya kichochoro ulikuwa ukuta wa jirani. Mzee aliweka mkono juu ya stuli. Hakukuwa na kivuli.

"Mama," alisema, "humu hata mende anatembea na tochi."

Mama wa chapati alicheka. "Sasa mzee, mimi nisipende kitu kijani, eti juu sina dirisha?"

"Penda. Lakini nikikuuzia mmea hapa, nimekuuzia maiti ya polepole."

"Basi niletee ya plastiki, hiyo haijui giza."

Neno plastiki lilimuudhi. Kwa miaka mingi alikuwa ameajiriwa na kampuni iliyohudumia mimea ya maofisini. Alipita ghorofa kwa ghorofa na kigari chenye mkebe wa maji, makasi na kitambaa. Kisha ofisi moja ilibadilisha mimea yake ikaweka ya plastiki, na nyingine zikafuata. Hakufutwa mara moja. Miezi mitatu alilipwa kupangusa vumbi kwenye majani ya plastiki, mpaka mtu mmoja akagundua kwamba wafagiaji wangeweza kuifanya kazi hiyo. Aliisimulia habari hii bila kulalamika. Alisema tu, "Walinipokonya mkebe wakaniachia kitambaa. Halafu kitambaa nacho wakakikumbuka."

Wiki moja baada ya safari ile ya Mashimoni alirudi kwa mama wa chapati na chupa ya jemu yenye maji, na ndani yake vipande vitatu vya ule mmea unaotambaa ambao watu huuita wa pesa. Akamwambia, "Huu uko kazini wiki mbili. Nikija nauondoa, nakuletea mwenzake. Huu unarudi kwangu kupumzika kwenye mwanga. Ni zamu, kama walinzi."

Hivyo ndivyo mimea ya zamu ilivyoanza. Kufikia mwaka wa pili alikuwa na nyumba kumi na moja zisizo na dirisha, Mashimoni na Kambi Muru, na chupa ishirini na mbili. Kila nyumba ilitoa shilingi ishirini chupa zilipobadilishwa. Kila chupa ilikuwa na alama ya rangi ya kucha chini yake, na mzee alijua ipi imetoka gizani lini. Sijaona popote pengine watu wakifanya hivyo, wala sijasoma. Nilimwuliza alijifunza wapi. Alisema alikuwa mlinzi kabla ya kuwa mtu wa mimea, na anakumbuka jinsi mtu anavyokuwa wiki ya tatu ya usiku mfululizo.

Kuhusu maji alikuwa mkali kuliko jambo lolote. Kibera maji hununuliwa kwa mtungi, na ungedhani mtu anayenunua maji ataupa mmea machache. Mzee aligundua kinyume chake. Mtu anayenunua maji huona ni zawadi, na zawadi haitolewi nusu. Mimea mingi aliyoletewa ikiwa mahututi haikufa kwa kiu. Ilizama.

Nakumbuka jirani yangu wa Kawangware, mama wa mboga, alipomletea mkonge wa ndani ndani ya ndoo ya rangi. Mkonge huu ni ule wenye majani yaliyosimama kama mapanga. Mzee, ambaye kwao ni Kitui, alishangaa kila mara kuona watu wakiulipia, kwa sababu mama yake aliuchuna porini akapata nyuzi za kufumia vyondo, vile vikapu vya kwao.

"Mzee, maua imekuwa yelo, nikaongeza maji," mama wa mboga alisema. "Ikazidi yelo, nikaongeza tena."

"Na ungeona imekufa?"

"Ningemwagia ndoo, si ni yangu?"

Mzee aling'oa mmea wote. Mizizi ilikuwa rojo la kahawia na ilinuka kama mtaro. "Angalia, mama. Kiu ni njano, na kuzama ni njano. Ugonjwa mbili, rangi moja. Usiulize jani. Jani halijui. Uliza mzizi."

Kisha alimpandia mkonge mwingine kwenye ndoo ileile, akamwonyesha kuingiza kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Kidole kikitoka na udongo umeshika, hakuna maji leo. Mama wa mboga aliniambia baadaye kwamba amefundishwa kuuingilia mmea kama daktari wa ng'ombe.

Hakuwa mtu mpole. Wateja wake wengi waliogopa kumwuliza jambo mara mbili. Alikuwa mzee wa kanisa, na kanisa lake lilipotaka mimea miwili ya kuweka pembeni mwa madhabahu, alikwenda akanyoosha mkono, akawaambia mbele ya mchungaji, "Mungu ana mwanga. Jengo ndilo halina." Hawakupata mmea. Aliwacheka watu wanaozungumza na mimea yao, ingawa mimi mwenyewe nilimsikia akisema "pole" alipokuwa akikata shina kwa wembe, na alipogundua nimesikia alikohoa. Mmea mmoja wenye majani mapana ya madoadoa aliuita jani la bubu, kwa kuwa mtoto akiutafuna ulimi huvimba asiweze kusema. Nyumba yenye mtoto anayetambaa haikuuziwa, hata mama angelipa mara mbili. Baba mmoja wa mtaa jirani wa Ayany alimwambia kwamba biashara yake haitakua kwa tabia hiyo. Mzee akajibu, "Mtoto wako akue kwanza."

Kwa binti yake tu ndiko alikopungua ukali. Binti huyo, mtu mzima mwenye kazi ya kufua nguo za watu Ayany, alipewa jina la mama mzazi wa mzee, kama ilivyo desturi ya Wakamba. Kwa hiyo mzee alimwita "mwaitu", yaani mama yangu, na alimtii kama mtoto anavyomtii mama. Binti akisema, "Baba, kaa chini ule," alikaa.

Miaka miwili kabla ya ile Jumamosi ya Januari, alianza kujikwaa. Alipiga teke mitungi iliyopangwa kando ya njia. Alipita mlangoni bega likagonga fremu. Vijana waliokaa karibu na kioski cha maji walipata mchezo.

"Niaje mzee, leo umepiga ngapi?"

Hakuwahi kuonja pombe maishani. "Nimepiga magoti," aliwajibu. "Wewe umepiga nini?"

Walimpenda kwa jibu hilo, na waliendelea kumwuliza ili walisikie tena. Mimi nilicheka pamoja nao. Sikufikiri zaidi.

Siku zilezile alinitajia, katikati ya mazungumzo mengine, kwamba ana presha. Kulikuwa na kambi ya bure ya kupima macho katika ukumbi mmoja Kibera, alikwenda, wakamkuta na presha. "Kidogo tu," alisema. "Nimeacha chumvi." Nilimsifu. Nikamweleza niliyosoma kuhusu chumvi na mishipa ya damu. Alinisikiliza kwa makini, kama alivyonisikiliza sikuzote, kwa kuwa aliniona mtu wa vitabu. Sikumwuliza presha ya wapi. Ni maneno matatu. Mtu amekwenda kupimwa macho, anarudi na presha, na mimi ninayepima kila waya mara mbili sikuona kwamba hapo pana waya usiofika.

Jioni ya ile Jumamosi nilimsindikiza hadi kwake, nikamwomba anionyeshe karatasi aliyopewa kwenye kambi ya macho. Binti alikuwa hapo akikunja nguo za watu. Alisema, "Iko kwa bahasha ya dawa ya presha ya baba." Akaileta. Iliandikwa kwa mkono, kwa kalamu ya bluu. Presha ya macho, jicho la kulia juu sana, jicho la kushoto juu. Matone kila siku bila kukosa. Afike hospitali ya macho ndani ya wiki mbili.

Ndani ya bahasha hiyo palikuwa na kichupa kimoja cha matone, kitupu, cha miaka miwili nyuma. Na palikuwa na pakiti nyingi za vidonge vya presha ya damu, za kununuliwa dukani.

Nilipanga mambo moja baada ya jingine, na yalipangika vizuri kuliko nilivyotaka. Muuguzi wa kambi ile alimwambia presha imepanda. Mzee alilijua neno hilo. Jirani yake alikuwa na presha na alimeza vidonge. Mzee aliacha chumvi, akaona hospitali ya macho haina haja, akameza vidonge vilevile, na mwezi mmoja baadaye alipimwa na kijana mwenye mashine ya kufunga mkononi, pale barabarani, akaambiwa yuko sawa kabisa. Matone yalipokwisha hakuona sababu ya kununua mengine. Presha ilikuwa imeshuka. Kipimo kilisema hivyo, na hakikudanganya. Kilipima mahali pengine tu.

Nilimweleza polepole. Alicheka.

"Fundi, jicho lina presha wapi? Ni tairi?"

"Lina maji ndani, mzee. Yakikosa njia ya kutoka, yanaubana mshipa unaopeleka picha kichwani. Unaanza kukosa pembeni, kisha katikati."

"Maji," alisema.

"Ndiyo."

Binti aliacha kukunja nguo. Kisha mzee akasema, bila ukali wowote, "Kumbe nimezama na mimi najimwagia."

Jumatatu tulikwenda hospitali ya macho, sisi watatu. Muuguzi aliyetupokea alisema kuna upasuaji, na kwamba daktari ndiye atakayeamua baada ya vipimo. Siku ya daktari ilikuwa miezi mitatu mbele. Walimpa matone, akayatumia kwa saa, na mimi nilimpigia simu kila asubuhi kuhakikisha. Lakini neno lililomkaa ni upasuaji. Alilishika kama mtu anayeshika kamba. Aliamini atafunguliwa jicho, maji yatoke, na kivuli cha mkono wake kirudi mezani. Sikumwambia kinyume, kwa sababu sikuwa na hakika, na kwa sababu nilikuwa nimekwisha kosea mara moja kwa kunyamaza na mara moja kwa kusema.

Ili kupata fedha za upasuaji aliamua kuuza kibaraza chote.

Binti aliibeba mimea kwa mkokoteni hadi Kawangware, tukaipanga chini mbele ya chumba changu. Mzee alikaa kwenye kreti akiwa amevaa koti la kazi ya zamani. Kwanza alijaribu kuwauliza wateja maswali yake.

"Nyumba yako ina dirisha upande gani?"

"Mzee, mimi nataka hii ya kuleta pesa. Ni ngapi?"

"Nauliza dirisha."

"Ah, basi. Kuna mwenye anauza huko mbele na haulizi mtu dirisha."

Wiki ya kwanza wanne waliondoka hivyo. Wiki ya pili binti alimwinamia akamwambia sikioni, lakini nilisikia, "Baba, uza. Si tunataka macho?" Tangu hapo hakuuliza tena. Mtu alionyesha kwa kidole, binti akataja bei, mmea ukaenda. Mti wa mpira alioulea kutoka jani moja ulichukuliwa na mtu wa baa aliyesema atauweka chooni, ndani, kupendezesha. Mzee aligeuza uso. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alinyoosha mkono kwenye jani la bubu. Hilo tu mzee alilikataa. Alilivuta kwa vidole mpaka kati ya miguu yake, na usiku binti akaenda kulitupa.

Zamu zilikufa wakati huohuo. Alama za rangi ya kucha hakuziona tena, na alikuwa ameanza kurudisha gizani chupa iliyotoka gizani. Mama wa chapati alimwambia majani yamekuwa meupe. Alikusanya chupa zote ishirini na mbili, akavichagua vipande vilivyo hai kwa kugusa, akaviuza vyote kwa bei ya mafungu, kama sukuma wiki.

Fedha nilizitunza mimi, kwenye droo yenye kufuli, kwa ombi lake.

Daktari alikuwa kijana, mwenye adabu. Alimfanyia vipimo karibu saa mbili. Alituita ndani, akamwambia mzee aketi, akazungumza naye moja kwa moja, si nasi, jambo nililolishukuru.

"Mzee, jicho la kulia mshipa umekwisha. La kushoto umebaki uzi. Ule ulioharibika haurudi."

"Hata mkipasua?"

"Tukipasua tunazuia kilichobaki kisiharibike haraka. Na kwako kilichobaki ni kidogo sana, naogopa upasuaji wenyewe unaweza kukimaliza. Mimi sishauri. Endelea na matone."

Mzee alifikiri. "Hamwezi kukata hapo kwenye uzima mkapandikiza? Kipande kikishika kinaota."

"Hapana, mzee. Mshipa huo hauoti."

"Haya," alisema. "Asante, daktari." Akasimama, akaigonga meza, akaiomba radhi akidhani ni mtu.

Nilikwenda kumwona mwezi wa Julai, siku ya baridi na mawingu. Kibaraza kilikuwa kitupu, na duara za makopo zimebaki kwenye mbao, nyeupe, kila moja mahali pake. Alijua ni mimi kwa mlio wa miguu. Binti alituwekea chai, ya mzee ikiwa na chumvi kidogo aliyoizoea zamani, kwa kuwa presha yake haikuwa ya damu na hapakuwa na sababu ya kumnyima.

"Unajua nani amebaki na mti wangu hata mmoja?" aliniuliza.

"Mama wa mboga ana mkonge."

"Unaishi?"

Mkonge ule ulikuwa umekufa wiki tatu kabla, kwa maji. Nilisema unaishi. Aliinamisha kichwa, na sijui kama aliniamini.

Binti akasema, "Baba, fundi amekuja na pesa zako. Tununue zingine tuanze pole pole?"

"Nani atazitazama, mwaitu?"

Binti alikuwa na nguo za nyumba nne za kufua, na chumbani hakukuwa na mtu mwingine.

"Hesabu, fundi," mzee alisema. "Kwa sauti. Nataka kujua nilikuwa na nini."

Nilizitoa noti kwenye bahasha nikazihesabu mbele yao, kisha nikarudia kutoka mwanzo, maana ndivyo ninavyofanya. Miaka kumi na miwili ya kibaraza, pamoja na vipande vya zamu, ilikuwa shilingi thelathini na nane elfu, mia nne na hamsini.